Rambirambi za Kulipia

Aliyelia langoni akalia tena, safari hii kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, lakini Msumari hakutoka ndani ya jeneza. Alikuwa hajamaliza kupima mabega.

"Weka alama hapo," alimwambia binti yake, macho bado ameyafumba. "Bega la kushoto linabana. Parande kidogo."

Tindo akaweka alama kwa penseli. Macho yake yalikuwa kwenye simu, na wewe uliyesoma wiki iliyopita unajua sababu. Uliyekuwa safarini, sogea nikunong'oneze.

Msumari ni seremala wa vitanda na majeneza. Kila jeneza, kabla halijatoka, yeye hulala ndani yake kwanza, mikono kifuani, macho yamefumbwa. "Mteja wa jeneza harudi kulalamika," husema, "kwa hiyo nalalamika kwa niaba yake." Tindo, binti yake wa pili na fundi wake wa kwanza, alimpiga picha akiwa humo ili familia iliyoagiza ione ukubwa. Alitaka kuituma kwa Soga, ile programu ya bure ya kutumiana ujumbe ambayo kila mtu anayo na hakuna anayeilipia. Kidole kilikuwa na gundi ya mbao. Simu na gundi hazielewani. Akabonyeza, ikakataa. Akabonyeza kwa nguvu, ikakubali, lakini si pale. Badala ya Tuma alikuwa amegusa Tangaza. Simu ikauliza, una uhakika? Gundi ikajibu ndiyo.

"Baba," alisema Tindo, "nadhani kuna mtu amekufa."

"Ndiyo kazi yetu. Nani?"

"Wewe."

Kabla hajajibu, lango likasukumwa. Akaingia Mama Sabuni, jirani anayeuza sabuni ya maji nyumba ya tatu, mikono kichwani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Akaliona jeneza. Akaiona pua ya Msumari imechomoza. Akapiga magoti kwenye maranda.

"Fundi wangu! Juzi tu ulinitengenezea meza, ukakataa kupunguza bei, na mimi nikakusema vibaya mtaa mzima!"

"Ulinisemaje?" akauliza Msumari, akifumbua macho.

Mama Sabuni alirudi nyuma bila kugeuka. Akapita juu ya stuli, akapita juu ya kopo la vanishi, akaishia mapajani mwa Mama Tindo aliyekuwa kwenye cherehani akishona kitambaa cha ndani ya jeneza. Mama Tindo hana muda na mizimu. Aliiokoa sindano kwanza, ndipo akamwokoa jirani.

"Yuko hai," alisema. "Mchana amekula, akaongeza. Maiti haiongezi."

"Lakini nimemwona kwenye simu!"

Simu ikatolewa. Kweli, alikuwamo. Msumari katika jeneza, mikono kifuani, ametulia kama mtu aliyemaliza mambo yake. Juu kuna jina la karakana. Chini, maneno ambayo Tindo aliyaandika zamani kwa ajili ya vitanda na akayasahau: Usingizi wa uhakika. Halafu kitufe kikubwa cha kijani: Tuandikie sasa.

Na watu walikuwa wanaandika. Simu ya karakana, iliyokuwa mezani kati ya randa na msasa, ilitetemeka mpaka ikaanza kutembea yenyewe kuelekea ukingoni. Tindo akaidaka.

"Soma," alisema Msumari, akikaa vizuri ndani ya jeneza lake.

"Baba, ngoja kwanza niondoe hili tangazo..."

"Soma, nimesema. Mimi ndiye marehemu."

Tindo akasoma. "'Fundi wa pekee mjini. Hakuwahi kuchelewesha kazi ya mtu.'"

"Huyu nilimcheleweshea kabati mpaka watoto wake wakaota ndevu," alisema Msumari, ameguswa. "Watu wana mioyo mizuri. Endelea."

"'Kitanda alichotuuzia kinapiga kelele, majirani wametuzoea. Lakini leo si siku ya kusema hayo. Apumzike.'"

"Mwambie zile kelele si za kitanda! Ni zao!"

"Fufuka kwanza, mume wangu," alisema Mama Tindo, akitia uzi kwenye sindano. "Utagombana nao baadaye."

"Niache. Huyu wa kwanza hajawahi kunisifia tangu tuzaliwe. Soma tena huyo."

Hapo ndipo alipoingia Shemeji Tai.

Tumjue kidogo, maana ana uzito katika jambo hili. Ni mume wa dada yake Tindo. Kazi yake ni kuuza matangazo, yaani kuwatafutia wenye biashara macho ya watu. Huvaa tai hata akienda kununua mkate. Na Jumapili hii Msumari ameahidi kuvua ufunguo wa karakana unaoning'inia shingoni mwake, amvishe mmoja kati ya wawili: Tindo, aliyekulia kwenye maranda, au huyu Shemeji, anayesema karakana bila matangazo ni ghala la mbao. Tindo anautaka ufunguo ule kuliko anavyotaka kuolewa. Msumari hajasema chochote. Amesema tu kwamba ataangalia mtu anavyoipeleka kazi ya vitanda vya bweni.

Shemeji Tai alisimama mlangoni, uso ameutayarisha kwa msiba. Kisha uso ukakosa pa kwenda.

"Mzee... shikamoo."

"Marahaba. Hiyo tai nyeusi umeipata wapi haraka hivyo?"

"Huwa ninayo mkobani, Baba."

"Ya nani?"

Shemeji Tai akakohoa, akaomba simu ya karakana. Aliitazama kwa muda. Rangi ya uso wake ikabadilika, na safari hii haikuwa maigizo.

"Shem, nani ameruhusu tangazo hili?"

"Gundi," alisema Tindo.

"Unajua kila anayebonyeza hiki kitufe cha kijani, karakana inakatwa hela?"

Cherehani ikanyamaza.

"Inakatwa na nani?" aliuliza Msumari. "Soga si bure?"

"Bure kwako, Baba, unapomtumia dada yako shikamoo. Tuma shikamoo elfu, hawatakudai kitu."

"Watu wakarimu."

"Si ukarimu. Mwenye soko hadai kiingilio kwa anayekuja kutembea. Anataka watu wajae, wapige porojo, waonyeshane watoto. Soko likishafurika, anawakodishia wafanyabiashara vizimba. Wewe na shikamoo yako ndio mnaojaza soko. Karakana ndiyo iliyokodi kizimba leo."

"Kumbe wanasoma barua zetu!" alisema Mama Sabuni, akakumbuka jambo fulani, akaificha simu yake kifuani.

"Hawana haja ya kusoma, Mama. Wewe ukiandikia duka la magodoro, kisha fundi wa mapazia, kisha mwenye gari la mizigo, mimi nahitaji kusoma barua nijue unahama? Wanatazama nani anamwandikia nani, nani amebonyeza nini. Halafu mwenye biashara akitaka kuongea na watu wa aina hiyo, analipa. Hapa tangazo limeagizwa liende kwa wateja wa karakana, na kwa wote wanaofanana na wateja wa karakana."

"Wanaofanana sura?" aliuliza Msumari.

"Mwenendo, Baba."

"Na kila anayeniandikia 'apumzike'..."

"Amebonyeza. Umelipa."

Msumari akatoka ndani ya jeneza. Rambirambi hazikuwa zimemtoa, sifa hazikuwa zimemtoa, lakini hilo lilimtoa.

"Yaani nalipia watu waje kunililia?"

"Ndiyo."

"Mbona waliokufa kweli huliliwa bure!"

Sasa msomaji, hela hiyo ilitoka wapi? Katika simu ile ilikuwamo hela ya mbao. Matroni wa bweni la wasichana aliitanguliza ili kesho asubuhi Tindo akachukue mbao za vitanda. Hela iko kwenye simu, simu imeunganishwa na akaunti ya karakana, na akaunti inakatwa kila mtu mwenye huruma anapogusa kitufe cha kijani. Mtaa ule una watu wengi wenye huruma.

"Lizime!" alisema Msumari.

Tindo akafuta gundi kwa meno, akafungua ukurasa wa tangazo. Ukafunguka mwingine, mweupe, una picha ya ua.

Akausoma kwa sauti. "'Watu kadhaa wametuarifu kwamba mwenye akaunti hii amefariki. Tunakupa pole. Kwa heshima ya marehemu, akaunti imefungwa.'"

"Nani huyo aliyewaarifu?" alinguruma marehemu.

Mama Sabuni akainua kidole kidogo. "Simu iliniuliza kama nina la kusema kuhusu tangazo. Nikaona nisikae kimya, jirani ni jirani. Nikawaambia na akina mama wa kikundi nao waseme."

"Kuna maneno mengine chini, madogo," alisema Tindo. "'Matangazo yaliyokwisha kuidhinishwa yataendelea.'"

Mama Tindo aliweka mkasi chini. "Nieleze vizuri. Kwa kujibiwa, amekufa. Kwa kukatwa hela, yuko hai?"

"Ndivyo, Mama."

"Hao watu ningependa kuwaona wakigawa urithi."

Kulikuwa na njia moja. Akaunti ingefunguliwa kama mwenyewe angeonyesha uso wake kwenye kamera. Msumari akapangusa vumbi la mbao usoni kwa kofia, akasimama mbele ya simu kama mtu anayehukumiwa.

"Geuka kushoto," ilisema simu. Akageuka. "Geuka kulia." Akageuka. "Samahani. Uso haulingani."

"Tabasamu kidogo," alisema Mama Sabuni.

Akatabasamu. "Samahani. Uso haulingani."

"Kumbe na mashine ina macho," alisema mkewe. "Mimi ilinichukua miaka."

"Mwanga ndio mbaya," alisema Shemeji Tai. "Lete hapa, Shem." Akaichukua simu, akasogea dirishani, akaiinua juu kuitafutia mwanga.

Simu ikapiga kengele tamu.

"Asante," ilisema. "Tumekutambua. Karibu tena, mwenye akaunti."

Nje, watu waliokuja kwenye msiba walikuwa wameanza kukusanyika langoni. Minong'ono yao ilisikika kama mvua kwenye bati la jirani.

"Shemeji," alisema Tindo polepole.

"Shem, ngoja nieleze."

"Eleza."

"Siku ile tulipoifungua, Mzee hakuwa na kitambulisho. Mlitaka ifunguliwe siku ileile. Nikaweka changu. Nilisema nitabadilisha, nikasahau."

Yawezekana ni kweli. Mimi sikuwapo, na mtu husahau mambo. Lakini nawaomba mtazame kidole gumba chake. Akaunti ilikuwa imefunguka, kitufe chekundu cha Simamisha Tangazo kilikuwa kinang'aa, na kidole kilisimama juu yake bila kushuka.

"Bonyeza basi," alisema Msumari.

"Nitabonyeza, Baba. Sina nia mbaya. Ila tangu mwaka uanze nawaambia kwamba karakana si hizi kuta. Karakana ni wateja, na wateja wote wamo humu. Sasa mmeona humu ni mwa nani. Sioni sababu ya kungoja Jumapili."

"Unataka nini?"

"Ufunguo. Nivishe leo, nisimamishe leo."

Simu ikatetemeka mkononi mwake. Mwombolezaji mmoja. Ikatetemeka tena. Msumari akaushika ufunguo shingoni, akamtazama mkwewe, kisha akamtazama binti yake.

"Tindo, unasemaje?"

Tindo alikuwa ameshavua aproni. "Mimi sisemi na simu, Baba. Wateja wako langoni."

Akaenda, akafungua lango pande zote mbili.

Walikuwa wengi. Mwenye kabati lililochelewa alikuwapo. Mume na mke wa kitanda chenye kelele walikuwapo, wamesimama mbalimbali kidogo. Wote walikuwa na simu mkononi.

"Jamani," alisema Tindo, "nisikilizeni. Baba yangu hajafa. Yule pale."

Msumari akainua mkono. Mtu mmoja akapiga yowe, mwingine akacheka, mwingine akadai alijua tangu mwanzo.

"Kosa ni langu. Nilikuwa natuma picha, nikatangaza. Na lile tangazo, kila mtu akilibonyeza, sisi tunakatwa hela. Nawaomba, msilibonyeze tena."

"Tangazo lipi?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Lile lenye kitufe cha kijani."

"Hiki?"

"Kipi? Mimi sijakiona."

"Fungua Soga, shuka chini kidogo, hicho hapo. Bonyeza uone."

Vichwa vikainama. Naapa hakukuwa na ubaya ndani ya kichwa hata kimoja; kila mtu alitaka tu kuhakikisha ni kitufe gani asichopaswa kukibonyeza. Vidole gumba vikashuka pamoja kama vya watu wanaosaini mkataba mmoja.

Kule dirishani, simu iliunguruma mfululizo, ikapiga mlio mmoja mrefu, ikanyamaza.

Shemeji Tai aliitazama. Akasoma kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisomea hukumu. "'Salio limekwisha. Tangazo limesimama.'"

"Limesimama lenyewe?" aliuliza Mama Tindo.

"Lenyewe."

"Basi hicho kidole chako, mkwe wangu, unaweza kukishusha. Kitakufa ganzi."

Msumari akaurudisha ufunguo ndani ya shati, akafunga kifungo. Shemeji Tai akalegeza tai. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yake, Tindo alimwonea huruma. Lakini huruma ile haikukaa, kwa sababu katikati ya umati palisogea mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, na watu wakampisha bila kuombwa.

Alikuwa Matroni.

"Mimi nilikuja kufuta oda," alisema. "Fundi amekufa, nikasema nimpe fundi wa ng'ambo ya barabara. Nafurahi kukuona mzima, Msumari. Lakini nimeyasikia hayo ya kukatwa hela. Hela yangu ya mbao iko salama?"

Msumari akafungua mdomo. Tindo akamtangulia.

"Matroni, vitanda natengeneza mimi. Siyo yeye. Ukiwa na swali, niulize mimi."

"Haya, nakuuliza wewe. Mbao ziko wapi?"

"Njoo kesho asubuhi, utaziona zimekatwa tayari."

Matroni alimpima kuanzia kichwani mpaka kwenye maranda ya miguuni. "Kesho, baada ya wasichana kunywa chai. Nikizikuta, kazi ni yako, na ya mabweni mengine mawili ni yako. Nisipozikuta, navuka barabara, na hela yangu utajua mwenyewe pa kuitafuta."

Akaondoka na funguo zake zikilia. Umati ukamfuata mmoja mmoja. Mama Sabuni alitoka wa mwisho, akitafuta kiatu. Shemeji Tai alibaki dirishani na simu tupu iliyokuwa inamtambua yeye peke yake.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye kizingiti. Jeneza lilibaki wazi, kifuniko kimerandwa nusu, alama ya penseli bado iko begani, na wenyewe wangekuja kulichukua kesho. Hakuna aliyeligusa.

"Mbao," alinong'ona Msumari. "Mbao zipi, mwanangu? Dukani hawatupi hata fito bila hela."

Tindo alikuwa anatazama ukuta wa nyuma, ambako majeneza ya akiba yalisimama yakingoja wenyewe, makubwa kwa madogo, yamepigwa vanishi. Mbao kavu. Mbao iliyonyooka, isiyo na fundo hata moja.

Msumari akayafuata macho yake. Akaelewa. Akaenda akasimama mbele ya majeneza, akatanua mikono kama mtu anayezuia kuku wasitoke.

"Hapana. Haya hapana, Tindo. Nimelala ndani ya kila moja. Watoto wa watu hawawezi kulala nilimolala mimi."

"Ulilala ukaamka, Baba," alisema Tindo, akiokota nyundo ya kung'olea misumari. "Na wao wataamka."

Msumari hakusogea, na Tindo hakuiweka nyundo chini.